Upinde wa Mvua Mwanza na Mwambao wa Ziwa Victoria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila msimu wa mvua: kwenye kivuko, darasani, mwaloni, na barazani wakati watu wanasubiri mvua ikatike. Ukiwa na haraka, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya pili. Hiyo ndiyo inayohusu Mwanza hasa, na mengi yaliyomo huwezi kuyapata kwenye vitabu vilivyoandikwa Ulaya.

## Mambo ya msingi

Upinde wa mvua ni nini hasa?

Ni mwanga wa jua uliorudishwa machoni pako na matone ya mvua. Hakuna kitu kilichotundikwa angani. Kuna matone yanayoanguka, kuna jua, na kuna wewe uliyesimama mahali fulani. Jua likiwa nyuma yako, mvua ikiwa mbele yako, na pasiwe na wingu la kuziba kati ya jua na mvua hiyo, utauona. Sharti la nne watu wengi hawalijui: jua lisiwe limepanda sana. Limeelezwa kwenye swali la kwa nini upinde hauonekani mchana.

Rangi zinatokea wapi?

Mwanga wa jua tunaouona mweupe ni mchanganyiko wa rangi nyingi. Unapoingia ndani ya tone hupinda, kwa sababu mwendo wake hupungua ndani ya maji. Lakini rangi hazipindi sawasawa: zambarau hupinda zaidi, nyekundu kidogo. Mwanga huo hufika ukuta wa nyuma wa tone, sehemu yake huakisiwa, kisha hutoka tena kwa mbele na kupinda mara ya pili. Mpaka hapo rangi zimeshaachana. Nyekundu huonekana kwenye pembe ya nyuzi 42 hivi kutoka upande ulio kinyume kabisa na jua, zambarau kwenye nyuzi 40 hivi. Ndiyo maana nyekundu hukaa nje na zambarau ndani.

Tone moja halikuletei rangi zote kwa pamoja. Likiwa juu linakuletea nyekundu. Likishuka kidogo, njano. Likishuka zaidi, kijani, mpaka zambarau, kisha halina tena cha kukuonyesha. Wakati huo mengine yameshachukua nafasi yake. Upinde unaouona umetulia umetengenezwa na maelfu kwa maelfu ya matone yanayopokezana bila kukoma.

Rangi ni saba kweli?

Saba ni hesabu ya Isaac Newton. Alianza majaribio yake ya kupitisha mwanga kwenye kioo chenye pembe tatu mwaka 1666, na kitabu chake kuhusu mwanga kilitoka mwaka 1704. Mwanzoni alitaja rangi tano, kisha akaongeza rangi ya machungwa na nili ili idadi ilingane na noti saba za muziki. Angani hakuna mpaka kati ya rangi moja na nyingine. Mzee akikwambia anaona tatu, au mtoto akisema nne, hakuna aliyekosea.

Kwa nini umepinda? Kwa nini hauko wima au mlalo?

Kwa sababu matone yote yanayokutumia nyekundu lazima yawe kwenye pembe ileile ya nyuzi 42 kutoka nukta moja: pale kinapoelekea kivuli cha kichwa chako. Ukiunganisha nukta zote zilizo kwenye pembe moja kutoka katikati unapata duara. Upinde kwa kweli ni duara kamili, ila ardhi au ziwa hukata nusu ya chini. Abiria wa ndege huweza kuliona lote.

Jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza au linazama, unapata nusu duara, na hapo ndipo upinde huwa mrefu kuliko wakati wowote. Jua likipanda, upinde unashuka.

Nani aligundua siri yake?

Shuleni jibu huwa Newton, na mimi naona hilo si haki. Mwanzoni mwa karne ya 14 mtaalamu wa Uajemi, Kamal al-Din al-Farisi, akijenga juu ya kazi ya Ibn al-Haytham, mtaalamu wa mwanga aliyemtangulia, alijaza maji ndani ya tufe la kioo, akalitumia kama tone kubwa, akafuatilia njia ya mwanga ndani yake: kupinda, kuakisiwa, kupinda tena. Miaka hiyohiyo, bila kujuana naye, mtawa Theodoric wa Freiberg, Ujerumani, alifikia maelezo yaleyale. René Descartes akaikokotoa pembe ya nyuzi 42 katika kitabu chake cha mwaka 1637. Newton alikuja baadaye na sehemu iliyobaki, yaani kwa nini kila rangi hupinda kwa kiasi chake.

## Mwanza: saa ngapi, upande gani

Nikiwa Mwanza nitazame wapi?

Asubuhi tazama magharibi, jioni tazama mashariki. Kwa jiji letu maana yake ni hii: upinde wa asubuhi unakuwa juu ya ziwa, upande wa Kamanga na Sengerema ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Upinde wa jioni unakuwa nchi kavu, juu ya vilima vya mawe, upande wa Igoma, Kisesa na Magu.

Ukitaka kuwa na uhakika zaidi, lipe jua mgongo na tafuta kivuli cha kichwa chako. Nyoosha mkono mbele yako, tanua kiganja. Kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo ni karibu nyuzi 20. Pima viganja viwili kutoka kwenye kivuli hicho, kwenda juu au pembeni. Kama upo, upo hapo, na kama mvua haipo hapo, usipoteze muda.

Miezi nayo huuhamisha kidogo. Juni jua huzama likiwa limeegemea kaskazini, hivyo upinde wa jioni husogea kusini ya mashariki. Desemba ni kinyume chake.

Kwa nini sijawahi kuuona saa sita mchana?

Kwa sababu jua likipanda zaidi ya nyuzi 42, duara lote la upinde huzama chini ya upeo wa macho. Mwanza ipo kama nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupanda haraka na karibu wima. Tena saa zetu za Afrika Mashariki zinafuata longitudo ya 45, ilhali sisi tuko karibu na 33. Jua la utosini hapa hutufikia kama saa 6:50 mchana.

Ukipiga hesabu hiyo, upinde wa asubuhi unawezekana tangu jua linapochomoza hadi kati ya saa 3:30 na saa 4:00, kutegemea mwezi. Kisha hakuna. Unarudi kuwezekana kuanzia kati ya saa 9:30 na saa 10:00 alasiri hadi jua linapozama. Mvua ikunyeshee saa saba na jua linawaka, utafute kadiri utakavyo, hutauona angani. Walio kwenye boti wanaweza kuuona chini yao, kwenye rasharasha za maji yanayorushwa na boti.

Kwa nini asubuhi mvua iwe ziwani na jioni iwe nchi kavu?

Hili ndilo jambo la mwambao wetu ambalo nalipenda kuliko yote. Usiku nchi kavu hupoa upesi, ziwa hubaki na joto. Upepo huvuma kutoka nchi kavu pande zote kuelekea ziwani, hewa hukutana katikati na kupanda, na mawingu ya radi hujengeka juu ya maji usiku wa manane hadi alfajiri. Mchana mambo yanageuka: ardhi hupata joto, upepo huvuma kutoka ziwani, na mawingu hujengeka juu ya nchi kavu mpaka alasiri yanamwagika.

Sasa linganisha na swali la kwanza la sehemu hii. Asubuhi jua letu liko mashariki na mvua ya ziwani iko magharibi. Jioni jua liko magharibi na mvua ya nchi kavu iko mashariki. Jiji limekaa mahali ambapo mara mbili kwa siku jua na mvua huweza kuwa pande mbili zinazokabiliana, na sisi tumo katikati.

Mimi niko Bukoba. Ni vilevile?

Pande za anga ni zilezile, mandhari ndiyo yanayogeuka. Bukoba ziwa liko mashariki, kwa hiyo upinde wa jioni ndio unaosimama juu ya maji, na wa asubuhi uko juu ya migomba. Musoma ziwa liko upande wa jua kuzama, hivyo wanafanana na sisi. Ukerewe wana maji kila upande.

Miezi gani ni mizuri?

Vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Manyunyu ya siku nzima chini ya wingu zito hayana faida. Unahitaji mvua ya vipande vipande yenye jua katikati. Juni hadi Agosti usitegemee sana.

Upinde unaonyesha mvua inakuja au inaondoka?

Ulaya kuna msemo kwamba upinde wa asubuhi ni onyo na wa jioni ni heri. Huko ni kweli, kwa sababu hali ya hewa yao husafiri kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwetu, karibu na ikweta, pepo za juu kwa kawaida hutoka mashariki. Ukiona upinde wa jioni juu ya Kisesa, mvua ile huenda ikawa njiani kukufikia, anua nguo. Upinde wa asubuhi juu ya ziwa mara nyingi ni wa mvua inayokwenda zake. Siyo sheria ya kudumu, kwani upepo wa ziwa hubadilika na wingu moja moja lina njia yake, lakini msemo wa kigeni usiuchukue ulivyo.

Basi mvuvi akiona upinde anaweza kuingiza mtumbwi?

Hapana. Upinde unakwambia mvua iko wapi dakika hii. Haukwambii chochote kuhusu upepo utakaokuja nyuma ya wingu hilo wala kuhusu radi, na dhoruba ya Ziwa Victoria huinuka haraka. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, vaa jaketi okozi, na wingu likiwa jeusi na upepo umegeuka ghafla, subiri.

## Mila, imani na alama

Ni kweli upinde unakata mvua?

Imani hii ni ya zamani na imeenea sana Afrika. Kwa Waluba wa Kongo, masimulizi ya kuanzishwa kwa ufalme yana Nkongolo, mtawala mkatili anayefungamanishwa na upinde wa mvua na ukame, na Kalala Ilunga aliyemshinda, anayefungamanishwa na mvua. Mahali ambapo mtu anaishi kwa mpunga, mahindi na pamba, si ajabu kuutazama upinde kwa wasiwasi. Usukumani mtemi mwenyewe alihesabiwa kuwa na dhamana ya mvua, na mvua ikikosekana lawama ilimfikia. Ukitaka kuona urithi huo, makumbusho ya Bujora yako Kisesa, hukohuko unakosimama upinde wa jioni.

Wazee waliona sawasawa. Kinachobaki ni mpangilio wa sababu. Ili upinde uonekane ni lazima jua liwe limepata mwanya. Mwanya ukipatikana, wingu limeanza kuachana, na mvua mara nyingi inaishia hapo. Wingu likiachana, upinde unaonekana na mvua inakoma, vyote viwili kwa sababu moja.

Bibi alituambia ni joka linalokunywa maji ziwani. Hadithi hii imetoka wapi?

Bibi hakuwa peke yake. Wafon wa Benin wanalo joka la upinde, Aido-Hwedo. Wenyeji wa asili wa Australia wanalo lao pia. Na kando ya ziwa letu, mahali ambapo Wahaya walimjua Mugasha kuwa mwenye maji na dhoruba, ni rahisi kuelewa kwa nini kitu kikubwa, kilichopinda, kinachotoka majini na kurudi majini, kilionekana kuwa na uhai.

Kuna jambo la macho hapa pia. Mvua ikiwa karibu, kati yako na ng'ambo, mguu wa upinde unaonekana mbele ya kisiwa au mbele ya mtumbwi, umezama majini kabisa. Ukiuona hivyo asubuhi kutoka Capri Point, mtaa wa Mwanza ulio kando ya ziwa, neno "kunywa" ndilo linalokuja lenyewe.

Kwa nini tulikatazwa kuunyooshea kidole?

Katazo hili lipo duniani kote. Mwanaisimu Robert Blust alilikusanya kutoka jamii zaidi ya 100 katika mabara mbalimbali, na adhabu inayotajwa mara nyingi ni kidole kupinda, kuoza au kukatika. Kisayansi hakuna madhara. Lakini ukiwa mbele ya mzee anayeliheshimu katazo hilo, kuonyesha kwa kidevu au kwa kiganja kizima hakukugharimu kitu.

Na "simba anazaa"?

Hayo ni maneno ya watoto jua linapowaka huku mvua inanyesha. Kwingine wanasema fisi. Chukua kama tangazo: watoto wakianza kuyasema alasiri, toka nje na utazame mashariki.

Biblia na Kurani zinasemaje?

Katika Mwanzo 9:12–17 upinde ni ishara ya agano baada ya gharika, kwamba maji hayataangamiza tena wote wenye mwili. Unatajwa tena katika Ezekieli 1:28 na Ufunuo 4:3. Kurani ina kisa cha Nabii Nuhu na safina, lakini upinde wa mvua haumo.

Wengine huuliza kama maelezo ya matone na pembe yanafuta maana hiyo. Sioni kwa nini yaifute. Ishara inaweza kuwa na namna ya kutengenezwa na bado ikawa ishara.

Rangi za upinde zikiwa kwenye begi au ukuta wa shule zina maana gani?

Wazazi wengi wanauliza, kwa hiyo nijibu wazi. Rangi hizo zimetumiwa na makundi tofauti kwa nyakati tofauti. Ushirika wa kimataifa, ule wa vyama vya wakulima na wanunuzi, ulikuwa na bendera ya rangi saba tangu miaka ya 1920 hadi mwaka 2001. Wazee waliouza pamba kupitia ushirika hapa Kanda ya Ziwa huenda wanaikumbuka. Italia bendera ya amani yenye rangi hizo ilianza mwaka 1961. Mwaka 1978 msanii Gilbert Baker alibuni San Francisco bendera ya harakati za mashoga, ikiwa na rangi nane, na inayotumika zaidi leo ina sita. Miaka ya 1990 Askofu Desmond Tutu aliiita Afrika Kusini taifa la upinde wa mvua. Begi la mtoto lenye upinde, wingu na jua ni picha ya anga.

## Mambo yasiyo ya kawaida

Nimeona miwili. Wa pili unatokeaje?

Mwanga ukiakisiwa mara mbili ndani ya tone unatoka kwenye pembe ya nyuzi 50 hadi 53. Upinde wa pili huwa juu ya wa kwanza, hafifu zaidi, na rangi zimegeuka: nyekundu iko ndani. Angalia anga kati ya hiyo miwili. Ina giza kuliko pembeni, na ukanda huo unaitwa kwa jina la mwanafalsafa Alexander wa Aphrodisias, aliyeueleza miaka 1,800 hivi iliyopita.

Kuna jioni niliona mguu wa tatu, umesimama karibu wima. Nilikosea?

Hukukosea, na umebahatika. Ziwa likitulia, jua la jioni huakisiwa juu ya maji ya ghuba na mwanga huo unapanda kuelekea mvua ya mashariki kama vile kuna jua la pili chini ya upeo. Jua hilo la pili hutengeneza upinde wake, ambao kitovu chake kiko juu zaidi, hivyo miguu yake huinuka ikiwa imesimama. Hukutana na upinde wa kawaida pale upeo wa macho ulipo. Kinachotakiwa ni maji mapana yaliyotulia nyuma yako na mvua mbele yako, na Mwanza jioni ina vyote viwili.

Usichanganye na upinde unaouona ndani ya maji kwenye kioo cha ziwa. Huo umeletwa na matone mengine kabisa, si yale yanayokuonyesha wa angani.

Upinde wa usiku upo?

Upo. Mbalamwezi ya mwezi mpevu inatosha, mwezi ukiwa chini ya nyuzi 42 na mvua ikiwa upande wa pili. Kwa macho huonekana mweupe, kwa kuwa macho yetu hayatambui rangi vizuri gizani. Kamera ikiachwa wazi sekunde kadhaa huzitoa rangi. Wanaotarajiwa kuuona zaidi ni wavuvi wa dagaa, lakini wao huvua kwa taa wakati wa giza, na mwezi ukijaa wengi wanapumzika.

Mchana nimeona rangi chini ya jua, zimelala. Na wakati mwingine duara kuzunguka jua.

Hizo si kazi ya matone bali ya chembe za barafu kwenye mawingu mepesi ya juu sana. Duara liko nyuzi 22 kutoka kwenye jua. Ule ukanda wa rangi uliolala chini ya jua unahitaji jua lililo juu ya nyuzi 58. London kipindi hicho ni kifupi, kwa majira ya joto tu. Mwanza jua la mchana hufika nyuzi 64 hata mwezi Juni, kwa hiyo unaweza kutokea siku yoyote ya mwaka. Ziba jua kwa kiganja au nguzo kabla ya kutazama.

Upinde unaweza kudumu muda gani?

Kwa kawaida ni dakika chache. Taipei, Novemba 30, 2017, mmoja ulidumu saa 8 na dakika 58. Kwetu haiwezekani: jua letu hutoka kwenye nafasi yake ndani ya saa tatu hivi.

Naweza kufika unapoishia?

Hapana. Ukisogea, kivuli cha kichwa chako kinasogea, na upinde pamoja nacho. Hata wewe na jirani yako hamtazami mmoja. Kila mtu analetewa wake na matone yake.

Kwa nini simu yangu haiuchukui wote?

Mguu hadi mguu ni karibu nyuzi 84, lenzi ya kawaida haitoshi. Tumia lenzi pana, au chagua mguu mmoja na mti, jiwe au paa kando yake. Miwani ya jua ya polaroidi nayo ina lake: inamisha kichwa na kipande cha upinde kitatoweka, kwa sababu mwanga wake hutetemeka zaidi upande mmoja. Vua miwani kabla ya kusema haupo.

Nifanyeje kumwonyesha mtoto bila mvua?

Mpira wa maji, saa 2 asubuhi au saa 11 jioni. Lipeni jua mgongo, ziba mdomo wa mpira kwa kidole maji yatoke kwa manyunyu, na simameni mbele ya kitu cheusi kama ukuta wenye kivuli au mti. Manyunyu yakiwa laini kama ukungu rangi hupauka, kwa hiyo acha matone yawe makubwa kidogo. Mkiwa karibu sana mtoto anaweza kuona mipinde miwili inayopishana, kwa kuwa kila jicho linaona wake. Mwambie afumbe moja, kisha lingine.